Kiti cha mpiga dumbaki

Ndege zinazoshuka kwenda Uwanja wa Julius Nyerere huipitia Ukonga kwa chini, kiasi kwamba mtu aliye katikati ya sentensi hunyamaza, huisubiri ndege ipite, kisha huendelea pale alipoachia. Ndivyo alivyofanya kijana mmoja anayegonga biti za singeli katika chumba cha kupanga, si mbali na kituo cha Mombasa. Ndege ilipopita, alinigeuzia simu nione picha ya TR-1000, mashine ya kupiga ngoma iliyotangazwa na kampuni ya Roland ya Japani Oktoba 2025. Bei yake inazidi dola 2,000. Kwa hesabu ya kwetu ni zaidi ya shilingi milioni 5, na chumba chenyewe hakina hata feni.

Hana haja na hiyo kubwa. Anasubiri mdogo wa mashine hiyo. Amefuatilia mwenendo wa kampuni: mwaka 2018 ilitoka TR-8S, na mwaka 2020 ikafuata TR-6S, ndogo na nafuu zaidi. Anaamini hii nayo itazaa, na ikizaa kuna ndugu yake Dubai atakayeibeba kwenye begi. Tangu siku hiyo najiuliza: Dar es Salaam imewahi kupata lini mashine ya ngoma iliyokuwa mpya? Na je, tuliwahi kuihitaji?

Historia ya huko nje ni fupi kuisimulia. Mwaka 1959 Wurlitzer ya Marekani ilitoa Sideman, sanduku la kuandamana na wapiga ogani. Mwaka 1980 Roger Linn akaja na LM-1, iliyobeba milio ya ngoma halisi, kwa bei ya matajiri. Mwaka huohuo Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa Roland, akaleta TR-808 kwa dola 1,195. Ngoma zake hazikufanana na ngoma yoyote, na wengi waliiona kichekesho. Zilitengenezwa mashine zipatazo 12,000, na mwaka 1983 uzalishaji ukasimama.

Kuna jambo la TR-808 ambalo kijana wangu hakulijua, na alipolisikia aliacha simu. Mchakacho wake ulitoka kwenye transista zenye kasoro, ambazo Kakehashi alizinunua makusudi. Viwanda vilipojifunza kutengeneza transista safi, mbovu zikaadimika na mashine ikakosa roho yake. Halafu, ilipoanza kuuzwa mitumba kwa bei ya kutupa, vijana weusi wa mijini Marekani wakaiokota wakajengea hip hop na muziki wa klabu. Sauti ambayo leo inauzwa kwa mamilioni ilianzia kwenye vipuri vilivyokataliwa, ikapata umaarufu mikononi mwa watu wasio na hela.

Sisi miaka hiyo hatukuwa hata kwenye foleni. Bendi kubwa za dansi zilikuwa za mashirika na jumuiya: JUWATA, Vijana, Bima, DDC. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na gitaa lilikuwa mali ya mwajiri. Vyombo vya umeme viliagizwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo. Milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, vinanda vya umeme vikaanza kuingia kidogokidogo kutoka Ghuba, ndani yake vikiwa na midundo iliyopangwa tayari. Unabonyeza kitufe, ngoma inajipiga.

Waliotikiswa zaidi walikuwa watu wa taarab. Kundi la taarab ya Unguja, kwa mfano wa Akhwani Safaa lililoanzishwa mwaka 1905, ni jamii nzima: ganuni, udi, fidla, kodiani, besi, dumbaki, rika. Mwaka 1992 likaja East African Melody, na taarab ya kisasa ikasimama juu ya vinanda, gitaa na mdundo wa mashine. Watu wakaita rusha roho. Mwaka huohuo siasa za vyama vingi zilirudi, na kundi la TOT la Kapteni John Komba likaingia uwanjani kushindana na kundi la Muungano la Norbert Chenga. Kelly Askew, mwanaanthropolojia wa Marekani, ameyachambua mashindano ya enzi hiyo katika kitabu chake cha 2002, *Performing the Nation*. Magazeti nayo yalishiba mipasho ya Khadija Kopa na Nasma Khamis. Ila huyo aliyeinuliwa kwenye kiti chake ili kinanda kipate nafasi hakuwa na gazeti la kumsemea.

Mmoja wa walioinuliwa hivyo ni jirani yangu, mpiga dumbaki. Ana umri wa kuitwa babu na kila mtoto wa mtaa, na ameniomba nisimtaje yeye wala kundi lake. Yeye huihesabu historia yote ya muziki kwa viti. Anasema walipoanza walikuwa na viti kumi na vinne, na siku alipoondoka vilibaki vitano. Mkuu wa kundi alirudi safari na kinanda, akakiweka kwenye stuli katikati ya jukwaa. Wiki hiyohiyo wapiga fidla wawili wakaambiwa wapumzike kidogo. Kidogo hicho hakijaisha mpaka leo.

Hoja za mpiga kinanda zilikuwa nzito, na mzee mwenyewe anazikariri bila kukosea. Mashine haichelewi mazoezini, haidai posho, haifiwi na mjomba siku ya harusi. Kundi zima sasa linaenea kwenye Hiace moja. Hela ya harusi ileile inagawanywa kwa watu wachache.

Hoja ya mzee ilikuwa moja, nayo ni ya fundi. Katika taarab mwimbaji hafuati ngoma. Ngoma ndiyo inayomfuata mwimbaji. Mama akiinuka kwenda kutunza, mwimbaji huuvuta ubeti, hulirudia neno ambalo linamchoma mtu fulani pale ukumbini, naye mpiga dumbaki humngoja, hujaza mwanya, kisha humrudisha nyumbani. Mashine haimngoji mtu. Mwimbaji wao, anasema, alijikuta anakimbizana na kitufe. Mzee alikataa kuinuka. Harusi tatu mfululizo alikaa pembeni ya kinanda, dumbaki mapajani, akipiga juu ya mdundo wa mashine huku mpiga kinanda akiupandisha ili amzamishe. Hawakusalimiana.

Kisha ikaja ile harusi ya hapa Ukonga. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya 1990, bwawa la Mtera limepungua maji na umeme unatolewa kwa zamu. Katikati ya wimbo taa zikazimika na kinanda kikafa, na mdundo wake, na besi yake. Ukumbi ulinyamaza kwa muda wa pumzi moja. Dumbaki peke yake ndilo lililokuwa halijui kwamba umeme umekatika. Mwimbaji akalidaka, kina mama wakaitikia kwa vigelegele na makofi, na harusi ikaendelea kwa mwanga wa karabai. Mzee anasema usiku ule alitunzwa yeye kuliko mwimbaji.

Hapo msomaji angetegemea kwamba mzee alirudishiwa heshima yake. Kundi lilichanga hela likanunua jenereta. Baada ya hapo hakukuwa tena na sababu ya kumweka.

Nikiisikiliza hadithi hii huwa upande wake, lakini kuna jambo yeye hulipita haraka. Kina mama waliupenda mdundo wa kinanda. Taarab ya zamani ilisikilizwa kwa kukaa. Rusha roho iliwainua vitini wakacheza mpaka alfajiri. Mashine ilimnyima mzee kiti, na wakati huohuo iliwapa wanawake sakafu.

Suluhu ya ugomvi huu haikutoka kwa wakuu wa makundi. Ilitoka kwa vijana ambao mzee aliwaona wahuni. Katika ardhi hii ya Wazaramo, yenye ngoma za mdundiko na mnanda, mitaa ya Dar es Salaam ilizaa mchiriku. Vijana walichukua Casio ndogo za mtumba, ambazo kwao zilikotoka zilikuwa za watoto na wanaojifunza, wakaziunganisha na spika za pembe, wakawasha kwa betri ya gari. Ngoma hawakuzitupa. Walizizidisha, na hata kigoda wakakichapa kwa fimbo. Mashine na mkono vikakaa benchi moja, na mgao wa umeme ukawa tatizo la watu wengine.

Casio hizo si za kubezwa. Moja ya ukoo huo, MT-40 ya mwaka 1981, ilipangiwa midundo na Hiroko Okuda, binti aliyekuwa ametoka chuo cha muziki na mpenzi mkubwa wa rege. Mdundo wake mmoja ulifika Jamaika, na mwaka 1985 Wayne Smith na mtayarishaji King Jammy wakautumia kwenye "Under Mi Sleng Teng", wimbo uliogeuza rege nzima kuwa ya kidijitali. Kingston na Dar es Salaam ziliipokea familia moja ya vinanda, na kila mji ukakipa chake lugha yake.

Mchiriku uliitwa muziki wa wahuni, ukafukuzwa na migambo, na redio ziliupa mgongo. Ilibidi kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs, itoe albamu ya Jagwa Music wa Mwananyamala, *Bongo Hotheads*, mwaka 2012, ndipo baadhi yetu tukaanza kusema tulikuwa tukiupenda siku zote.

Yaliyofuata yanajulikana. Kompyuta ya mezani na programu ya FL Studio vilimeza kinanda na ngoma kwa mpigo, vipande vya taarab na mchiriku vikaharakishwa kupita midundo 200 kwa dakika, na singeli ikatoka kwenye sherehe za vigodoro. Msaga Sumu na Man Fongo waliifikisha redioni. Studio ya Sisso, Mburahati, iliifikisha Ulaya kupitia albamu ya *Sounds of Sisso* ya mwaka 2017.

Lakini Casio zenyewe ziko wapi? Sijaona hata moja kwenye kabati la kioo la makumbusho. Niliyoiona mwezi uliopita ilikuwa kwa fundi redio wa Banana, imekosa vitufe vinne, imelala chini ya pasi mbovu ikingoja muuza vyuma chakavu. Wajapani wameunda upya milio ya mashine yao ya mwaka 1980 na wanatuuzia kama kumbukumbu. Sisi kumbukumbu yetu tunaiuza kwa kilo.

Nilimpeleka kijana kwa mzee. Akaamkia shikamoo babu, akaitikiwa marahaba, akaketi na kumwonyesha TR-1000: vitufe vyake, taa zake, milio yake. Mzee aliishika simu kwa mikono miwili, akaitazama muda mrefu. Hakuuliza bei. Aliuliza kama inatumia betri. Kijana akacheka, kisha akaacha kucheka, akaichukua simu yake na kuanza kupekua. Ndege ikapita juu yetu. Ilipokwisha kupita, bado alikuwa anatafuta.