Unenepeshaji wa ng'ombe kwa mashudu na machicha

Unenepeshaji wa ng'ombe kwa mashudu na machicha ni ufugaji wa muda mfupi, kwa kawaida miezi mitatu hivi, ambapo ng'ombe wa nyama hulishwa zizini mabaki ya viwanda hadi wafikie uzito wa kuuzwa. Bugarama, kata ya Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu, imo ndani ya ukanda wa pamba. Kwa hiyo mashudu ya mbegu za pamba ndiyo msingi unaofaa zaidi huko.

Malisho

Mbegu ya pamba ikikamuliwa mafuta huacha mashudu yenye protini ya asilimia 20 hadi 40, kulingana na wingi wa maganda. Machicha ni masalia ya nafaka iliyotengenezewa bia au pombe kali: wanga umegeuka kileo, protini na fosforasi zimebaki. Machicha mabichi ya bia huwa na maji robo tatu au zaidi. Kilo 100 hutoa kilo 20 hadi 25 tu za chakula kikavu, na kwenye joto huota ukungu ndani ya siku chache. Huwafaa wafugaji walio karibu na viwanda vya bia vya Mwanza; kuyasafirisha hadi Bugarama ni kulipia nauli ya maji.

Ulishaji

Ng'ombe wa asili wa kilo 200 hula kilo 5 hadi 6 za chakula kikavu kwa siku. Kwanza hupewa dawa ya minyoo na kuogeshwa. Mashudu humpa protini, pumba za mahindi na molasi humpa nguvu, na maganda ya pamba au nyasi humwezesha kucheua. Pumba na molasi huongezwa polepole kwa wiki mbili, kwani zikizidi ghafla tumbo huchachuka na mnyama anaweza kufa. Chokaa ya mifugo huongezwa pia, kwa sababu mashudu yana fosforasi nyingi na kalisi kidogo, hali inayoweza kuwaletea madume mawe ya mkojo.

Tahadhari

Mbegu ya pamba ina sumu ya asili iitwayo gosipoli. Ng'ombe mkubwa huistahimili kwa kiasi. Ndama na nguruwe hudhurika upesi. Nchini Marekani, ng'ombe waliolishwa mashudu na maganda ya pamba pekee walipofuka, na gosipoli ikalaumiwa kwa miaka mingi kabla ya kugundulika kuwa walikosa vitamini A. Majani mabichi kidogo kila siku huzuia upofu huo. Katika ukanda wa dhahabu, mifugo isinyweshwe maji yanayopita kwenye marudio (mabaki ya mchanga uliochenjuliwa) ya wachimbaji, ambamo huweza kuwamo zebaki na sianidi.

Msimu

Pamba huchambuliwa na mashudu kupatikana kiangazi, nyasi zinapokauka na ng'ombe waliokonda kushuka bei mnadani. Mfugaji anayenunua wakati huo na kupima uzito mara kwa mara hutambua siku ambayo kilo inayoongezeka haitoshi tena kulipia chakula. Hapo ndipo pa kuuza.