Kitanzi Kisicho Kitanzi

Siku ya kuweka kitanzi cha kuzuia mimba, kabla sijamuuliza mama lolote, nilikuwa namwekea kifaa chenyewe kiganjani. Chuoni sikufundishwa hivyo. Nilianza baada ya mama mmoja kuniuliza, "Sista, hicho kitanzi kinakaza wapi?" Usiku kucha alikuwa amewaza kamba. Kwa Kiswahili chetu kitanzi ndicho kinachomnasa kwale, na ndicho anachojitia aliyekata tamaa. Asingeogopaje?

Jina hilo lilitujia na kifaa cha zamani. Mwaka 1962 Jack Lippes, daktari wa Buffalo, Marekani, alionyesha wenzake plastiki iliyopinda na kupinda tena kama herufi S, yenye nyuzi za nailoni mkiani. Kwao iliitwa loop, kwa umbo lake. Huku wengine wakatamka lupu, wengine wakasema kitanzi; Wakenya wana koili, neno linalokumbuka umbo la kujiviringa. Kabla ya hapo, katika miaka ya 1920, Ernst Gräfenberg wa Ujerumani alikuwa ameweka pete, lakini pete ile haikuwa na mkia. Mimi nauheshimu uzi ule kuliko plastiki yenyewe: mwanamke aliweza kujipima kwa kidole chake, akajua kipo.

Dar es Salaam huduma za uzazi wa mpango zilianza mwaka 1959, na chama kilichozianzisha ndicho tunachokijua kama UMATI. Mwaka 1974 serikali ikaziingiza katika kliniki za mama na mtoto. Mimi nilivikuta vitanzi vya Lippes mafunzoni: saizi nne, A hadi D, na D ilikuwa ya waliokwisha kuzaa. Tulivilowesha katika dawa, kisha mkufunzi akatuonya tusivipakie kwenye mrija mapema, kwa maana plastiki ikikaa imenyooshwa husahau umbo lake. Kwa hiyo mama aliandaliwa kwanza, kifaa mwisho kabisa. Kanuni hiyo haijabadilika hadi leo.

Kilichobadilika ni tulivyompokea mama. Zamani tulimwambia aje akiwa hedhini, ili tuwe na hakika hana mimba. Wapo waliotembea asubuhi nzima, wakafika damu imekwisha, tukawarudisha. Wengine waliporudi tena walikuja kuanza kliniki ya wajawazito. Jambo hilo linaniuma mpaka sasa. Baadaye tukapewa maswali sita: je, amejifungua karibuni, ananyonyesha mtoto mchanga na hedhi haijarudi, hedhi imeanza siku chache tu zilizopita, na mengine ya namna hiyo. Jibu moja la ndiyo, bila dalili za mimba, lilitosha kumhudumia siku ileile. Ningeyapata miaka kumi kabla!

Wakati huo kitanzi chenyewe cha Lippes kilikuwa kimeshaondoka. Jaime Zipper wa Chile aligundua nguvu ya shaba ndani ya mji wa mimba, Howard Tatum akabuni umbo la T, na mwaka 1969 kazi yao ikaunganishwa. T ya shaba niliyoizoea ina upana wa milimita 32 na urefu wa milimita 36. Haina umbo la kitanzi.

Yule mama aliyeniuliza kinakaza wapi aliigeuza kiganjani, akaujaribu uzi kwa kucha, akakunja mikono ya T ikarudi yenyewe. "Kumbe kadogo hivi," akasema. Nikamwelekeza chooni akakojoe kwanza. Aliporudi alikuwa ameshavua viatu.