Habari za Kitabu cha Kilwa

Sisi walimu tumezoea kufundisha kwamba mji wa Kilwa Kisiwani uliasisiwa na Washirazi waliokuja katika vyombo saba. Habari hiyo twaisema kana kwamba ni jambo lisilo na shaka, na watoto huiandika katika madaftari yao. Mwaka mmoja kijana wa darasa langu hapa Dodoma aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, aliyesema hivyo ni nani, naye alijuaje?" Nikasimama mbele ya ubao sina jibu. Nikamwomba anipe muda, nikaanza kutafuta.

Kitabu kilicho asili ya habari hizo kimeandikwa kwa Kiarabu, nacho chaitwa Kitab as-Sulwa fi Akhbar Kulwa, yaani Kitabu cha Faraja katika Habari za Kilwa. Nakala ijulikanayo ni moja. Mwaka 1877 Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza huko Unguja, aliipata kwa Sultani Seyyid Barghash, na leo imehifadhiwa London. Arthur Strong aliyapiga chapa maneno yake mwaka 1895. Basi karatasi zenyewe ni za karne ya 19, lakini maneno ni ya zamani zaidi. Mwandishi, ambaye hatumjui kwa jina, asema kwamba alizaliwa mwaka 904 wa Hijra, ambao ni mwaka 1499 kwa hesabu yetu. Kwa hiyo alikuwa mtoto wa miaka sita tu, Julai 1505, Francisco de Almeida na Wareno wake walipouteka mji na kuupora. Mtu asomaye kitabu hicho na akumbuke jambo hilo. Aliyeandika hakuwa mtu aliyekaa katika raha akipanga hadithi. Alikuwa mtu aliyeona mji wa baba zake umeanguka, akakusanya habari za enzi yake. Tena aliahidi milango kumi, na nakala yakatika katika mlango wa saba.

Ndani yake imeandikwa kwamba sultani mmoja wa Shiraz aliota ndoto. Aliona panya mwenye pua ya chuma akiguguna ukuta wa mji, akafahamu kwamba nchi yake itaharibika. Akaondoka na wanawe sita katika vyombo saba, na kila chombo kikatia nanga mahali pake, kimoja Mombasa, kimoja Pemba, kimoja Kilwa, kimoja Anzwani, na vingine kwingineko. Waliofika Kilwa walimkuta mwenye kisiwa, ambaye hakuwa Mwislamu, wakakinunua kwake kwa nguo. Lakini walimkuta pia Mwislamu aliyetangulia kukaa pale pamoja na watoto wake, jina lake Muriri wa Bari, na msikiti uitwao Kibala. Mimi niliposoma maneno hayo nilishangaa. Kitabu kile kile kinachotajwa kuwa shahidi wa Washirazi kuleta dini na mji, chenyewe chakiri kwamba msikiti ulikuwako kabla yao!

Sasa kuna habari ya pili. João de Barros, Mreno, alipiga chapa kitabu chake mwaka 1552, naye asema ameifuata tarikhi ya wafalme wa Kilwa. Lakini kwake hakuna panya wala ndoto. Kuna kijana Ali, mwana wa sultani wa Shiraz, ambaye mama yake alikuwa mtumwa wa Kihabeshi, na ndugu zake wakamdharau kwa ajili ya mama huyo. Akatoka Hormuz kwa vyombo viwili, kwa kuwa amesikia habari za dhahabu ya pwani yetu, hata akafika Kilwa, akakinunua kisiwa kwa nguo.

Ya tatu ni masimulizi ya Kiswahili ambayo Carl Velten, Mjerumani, aliyapiga chapa Berlin mwaka 1907. Huko mwenye nchi anatajwa kwa jina, ni Mrimba. Mgeni Mshirazi alikuja na chombo chake, akamwoa binti wa Mrimba, na kisiwa akakipata kwa kukizungushia nguo.

Wataalamu wamebishana sana juu ya maneno haya. Freeman-Grenville, akihesabu miaka ya masultani, aliweka mwanzo wa ufalme huo karibu na mwaka 957. Neville Chittick alichimba magofu ya Kilwa katika miaka ya 1960, akakataa. Kwa maoni yake Ali bin al-Hasan, ambaye jina lake limo katika sarafu nyingi za shaba, alitawala mwishoni mwa karne ya 12, na hao Washirazi walitoka pwani ya Banadiri, si Uajemi moja kwa moja. Lakini mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilifukuliwa sarafu zaidi ya 2,000, nyingi za fedha, zilizofukiwa katika karne ya 11, na miongoni mwake mna za Ali bin al-Hasan. Hivyo hesabu ya Chittick ikarudishwa nyuma zaidi ya miaka mia moja.

Wapenzi wa lugha nao wana neno lao. Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walionyesha kwamba Kiswahili ni Kibantu katika mizizi na sarufi yake, na kwamba kujiita Mshirazi kwaweza kuwa dai la heshima kuliko habari ya safari. Nami naongeza dogo. Katika kitabu hicho cha Kiarabu sultani wa kwanza ana lakabu, Nguo Mingi. Watoto wangu wangeandika "nguo nyingi", nami ningewakosoa kama wangeandika vinginevyo. Lakini lakabu yenyewe ni ya Kibantu, na katika "Muriri wa Bari" hiyo "wa" si ya Kiarabu. Mwarabu wa kalamu alikuwa Mswahili wa kinywa.

Jambo hili si geni kwetu Ugogo. Koo zetu nyingi husimulia kwamba babu yao alitoka kwingine, wengine Uhehe, wengine Unyamwezi, na Mathias Mnyampala aliandika habari za namna hiyo katika kitabu chake cha historia ya Wagogo mwaka 1954. Hakuna asemaye kwamba kwa sababu hiyo Wagogo si wenyeji wa nchi yao. Kwa nini basi watu wa Kilwa wapimwe kwa mizani nyingine? Wako waliotumia panya yule na vyombo vile saba kusema kwamba Mwafrika hakuweza kujenga kwa mawe. Hilo kitabu hakikulisema.

Mwaka 2023 palitolewa uchunguzi wa mifupa ya watu 80 wa zamani, wengi wao kutoka makaburi ya miji ya pwani, Kilwa ikiwamo. Ilionekana kwamba wengi walikuwa na damu ya Kiafrika zaidi kwa upande wa mama, na ya Kiasia, hasa ya Kiajemi, zaidi kwa upande wa baba, na kuchanganyika kulianza karibu na mwaka 1000. Wako waliosema kwamba kitabu kimethibitishwa. Mimi naona waliothibitishwa zaidi ni wale wazee wa Kilwa waliosimulia habari za ndoa, maana mifupa haisemi neno juu ya vyombo saba.

Yule kijana nilimrudia baada ya majuma kadhaa. Nikaandika ubaoni habari zote tatu bega kwa bega, nikamwambia atafute zinapopatana. Akasoma kimya, kisha akasema, "Zote zina nguo, na zote zina mwenye kisiwa." Akauliza jina la aliyekiuza. Nikampigia mstari chini ya Mrimba.