Wakati wa Moyo na Dawa ya Homa katika Rufiji

Historia ya tiba ya malaria katika Rufiji husimuliwa kwa kawaida kama historia ya dawa. Klorokwini iliachwa mwaka 2001, salfadoksini na pirimethamini zikashika nafasi yake, na mwishoni mwa mwaka 2006 dawa ya mseto ikawa ndiyo ya kwanza nchini. Lakini imo ndani yake historia nyingine isiyotajwa sana, nayo ni ya kupima wakati ndani ya moyo.

Wilaya hiyo, ambayo Kibiti ilikuwa bado sehemu yake, haikuchaguliwa bure. Bonde la mto lina mafuriko na mashamba ya mpunga, na mbu hawakosi. Tena tangu mwaka 1998 watafiti walikuwa wakiandikisha, nyumba kwa nyumba, waliozaliwa, waliohama na waliofariki. Kwa hiyo mwaka 2003 artesunate iliunganishwa na dawa ya zamani huko Rufiji, kabla ya taifa zima kubadili tiba. Na kati ya mwaka 2013 na 2014 wilaya iliingia, pamoja na vituo vya Ghana, Burkina Faso na Msumbiji, katika uchunguzi wa dihidroatemisinini na piperakwini. Wagonjwa wote walizidi 10,000. Wapatao 1,000 walipigwa pia mchoro wa umeme wa moyo.

Sababu ilikuwa hofu yenye msingi. Mwaka 1993 ilithibitika kwamba halofantrini, dawa nyingine ya malaria, hurefusha muda ambao vyumba vya chini vya moyo hutumia tangu kuanza kuchochewa na umeme hadi kurudi katika utulivu. Muda huo, uitwao QT, ukizidi mno, mapigo yaweza kuvurugika na mtu akafa ghafula. Piperakwini nayo hurefusha muda huo.

Hapo ndipo palipo ugumu. QT hufupika moyo uendapo mbio, na mgonjwa wa homa moyo wake huenda mbio. Mwaka 1920 Bazett, huko Uingereza, na Fridericia, huko Copenhagen, walitoa kila mmoja kanuni ya kusawazisha: wa kwanza alitumia kipeuo cha pili cha muda kati ya pigo na pigo, wa pili kipeuo cha tatu. Bazett alitegemea vijana wa kiume 39 wenye afya, waliopumzika.

Na uchukuliwe mfano. Mtoto afika zahanati na mapigo 120 kwa dakika, QT yake milisekunde 300. Siku ya tatu homa imetoka, mapigo ni 75, QT ni 360. Kwa Bazett, kipimo kilichosawazishwa kimeshuka kutoka 424 hadi 402. Kwa Fridericia kimepanda kutoka 378 hadi 388. Moyo ni ule ule. Kanuni moja yasema dawa haina neno, nyingine yasema imegusa. Bazett hukuza mno kipimo cha moyo uendao mbio, na hivyo homa yenyewe huificha athari ya dawa. Kwa hiyo katika malaria haitoshi kutaja namba bila kutaja kanuni iliyoizaa.

Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 na 2016 yaliondoa sehemu kubwa ya hofu: muda ulirefuka, lakini waliovuka milisekunde 500 walikuwa wachache sana.

Umuhimu wa jambo hili huonekana wazi katika delta. Mgonjwa wa visiwani hungoja maji yajae ndipo mashua ipite kati ya mikoko, na zahanati aifikiayo haina mashine ya kuchora moyo. Amri ya kupima kila moyo kabla ya kutoa dawa ingekuwa, kwake, sawa na kumnyima dawa. Amri ya kutopima kabisa ingekuwa kumtia hatarini bila kujua. Kati ya mawili hayo, hao wachache waliolala kitandani wakachorwa mioyo yao walipima kwa niaba ya wengi wasiopimwa. Na uzito wa ushahidi wao ulitegemea kanuni iliyochaguliwa na mkokotoaji.