Jina la Ndege na Njia ya Aliyempa: Kutoka Tennessee hadi Serengeti

Mwaka 1758 Carl Linnaeus wa Uswidi alitoa toleo la 10 la kitabu chake Systema Naturae, na humo aliwaweka ndege wengi wadogo wenye mdomo mwembamba katika jenasi moja, yaani kundi la spishi zinazohesabiwa kuwa ndugu wa karibu, akaiita Motacilla. Aliingizwa humo ndege wa kijani-manjano wa Ulaya, ambaye hukimbia baridi ya kwao na kuja kuokota wadudu kwenye miti ya Afrika Mashariki. Na mwaka 1766 akaongezwa ndege wa Marekani, wa manjano mwili mzima, mwenye michirizi ya rangi ya kutu kifuani. Wawili hao hawana udugu wa karibu. Waliunganishwa na umbo tu, na kwa mtu aliyetegemea ngozi zilizokaushwa na picha zilizochorwa na wengine, umbo lilikuwa karibu kila kitu.

Kiingereza kiliendeleza mchanganyiko huo. Neno warbler, lenye maana ya mwimbaji wa sauti ya kutetema, lilitumika kwa ndege wa Ulaya, kisha likapachikwa kwa wale wa misitu ya Marekani, ambao leo wamo katika familia yao wenyewe, Parulidae, yenye spishi zipatazo 120. Wengi wao hawatetemeshi sauti hata kidogo, na baadhi hutoa mlio mkavu unaofanana na wa mdudu.

Majina ya spishi moja moja yalipatikana kwa njia ya ajabu zaidi. Alexander Wilson, mfumaji nguo wa Scotland aliyehamia Marekani na kuwa mtaalamu wa ndege, alimpata mmoja wao kando ya Mto Cumberland mwaka 1810, akamwita kwa jina la jimbo la Tennessee, ingawa ndege huyo hupita tu hapo akielekea kwenye misitu ya Kanada anakotaga, na msimu wa baridi huwa Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Haifai kumlaumu sana mtu aliyesafiri mwaka huo karibu peke yake, kwa mashua na kwa farasi; hata hivyo, alichokiandika kwa hakika ni mahali aliposimama yeye na bunduki yake.

Desturi hiyo hiyo ya kutaja mahali pa mkusanyaji ilifika katika mkoa wa Mara, Tanzania, ambako wilaya za Tarime na Serengeti zinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Ndani ya hifadhi hiyo anaishi ndege wa kijivu, mwembamba, mwenye mkia mrefu na baka jeupe bawani, ambaye kwa sura na tabia angeweza kuitwa warbler bila ubishi. Jina lake la kisayansi ni Apalis karamojae, yaani apalis wa Karamoja, kwa kuwa V. G. L. van Someren, daktari wa meno wa Nairobi aliyekusanya ndege, alimweleza mwaka 1921 kutokana na wale waliopatikana Karamoja, Uganda. Ndege wa Tanzania walipotengwa mwaka 1985 kuwa nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi, walipewa jina la mtu, Stronach. Hivyo ndege wa Serengeti amebeba jina la eneo la nchi jirani na la ukoo wa kigeni, huku kinachomtambulisha kwa kweli kikiachwa nje ya jina. Yeye ni ndege wa migunga ile mifupi yenye vivimbe vyeusi chini ya miiba, vilivyotobolewa na sisimizi wanaokaa ndani, ambayo upepo ukipita kwenye matundu hayo hupiga mluzi. Migunga hiyo ikifyekwa, naye hutoweka.

Kasuku mdogo wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa, anayeruka kwa makundi yenye kelele katika Serengeti, naye kisayansi anaitwa fischeri kwa heshima ya Gustav Fischer, tabibu wa Kijerumani aliyefanya kazi Zanzibar na kufika Ziwa Victoria katika safari ya 1885 na 1886. Fischer alifariki Berlin mwaka 1886, na mwaka uliofuata Anton Reichenow akamtangaza ndege huyo kwa jina la marehemu.

Novemba 2023 Chama cha Ornitholojia cha Marekani kilitangaza kwamba majina ya Kiingereza yanayowaenzi watu yatabadilishwa kwa ndege wa Marekani na Kanada, akiwemo yule mdogo wa manjano mwenye kofia nyeusi aitwaye kwa jina la Wilson. Tangazo hilo haligusi majina ya Kilatini, kwa hiyo fischeri na stronachi yangebaki hata kama mabadiliko hayo yangevuka bahari.

Motacilla ya Linnaeus nayo haikufa, ila ilipunguzwa toleo baada ya toleo mpaka wakabaki ndege watikisao mkia peke yao. Mmojawapo, mweusi na mweupe, hutembea kwenye mapaa ya bati na nyua za Tarime.