Malalamiko mawili, programu moja

Wiki iliyopita jamaa mmoja hapa Mwatate alinijia amenuna. Programu ya bure niliyomwekea kwenye kompyuta yake ina kasoro ambayo haijarekebishwa tangu mwaka jana. "Hawa watu wako wanafanya nini?" Nikamuuliza kama amewahi kuwaandikia akawaeleza kasoro yenyewe. Hajawahi. Je, amewahi kuwalipa? Akacheka.

Basi leo tuangalie historia kidogo, maana wengi tunatumia programu huria bila kujua nani anazitengeneza.

Tuanze nyumbani. Januari 2008, Kenya ikiwaka moto baada ya uchaguzi, Ory Okolloh alitoa wazo la ramani ya kuonyesha ghasia zilikotokea. David Kobia, Erik Hersman, Juliana Rotich na wenzao wakajitolea, na kwa muda wa siku chache Ushahidi ikawa hewani. Msimbo wake ukatolewa bure, na mwaka 2010 ukatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Lakini kujitolea siku chache si sawa na kujitolea miaka kumi. Ushahidi ilipata wafadhili, ikawa shirika lenye wafanyakazi wa kulipwa. Programu nyingi huria hazina bahati hiyo. Watumiaji wanaongezeka, fundi anabaki yule yule.

Chukua XZ, programu ndogo ya kubana mafaili, iliyomo ndani ya karibu kila mfumo wa Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na Lasse Collin wa Finland, kwa sehemu kubwa peke yake, bila mshahara. Mwaka 2022 watu waliojiita Jigar Kumar na Dennis Ens wakaanza kumsakama hadharani: matoleo yanachelewa, hamu imemwisha, amwachie mwingine. Collin akajibu kwamba afya ya akili imemsumbua kwa muda mrefu, na kwamba hii ni kazi asiyolipwa. Hawakukoma.

Pembeni alikuwepo mtu mpole aliyejiita Jia Tan, ambaye alikuwa akileta marekebisho tangu 2021. Mwishowe Collin akamkabidhi funguo. Februari 2024 Jia Tan akatoa toleo lenye mlango wa uani, wa kumwezesha kuingia kwenye seva za watu bila kubisha hodi. Wachunguzi wengi wanaamini wale walalamikaji walikuwa kundi moja naye. Ni nani hasa? Mpaka leo hajulikani.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft na mmoja wa mafundi wa PostgreSQL. Naye alikuwa na lalamiko la kuchelewa! Kuingia kwenye mashine yake ya majaribio kwa SSH kulichukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida. Hakumtukana mtu. Alipima, akafuatilia, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza alichokuta, pamoja na ushahidi, kabla toleo lile halijafika kwenye Linux zinazoendesha seva nyingi duniani.

Umeona? Wote walilalamikia kuchelewa. Lalamiko la kwanza lilimchosha fundi mpaka akafungua mlango, la pili likaufunga.

Sisemi mtumiaji anyamaze. Fundi hawezi kurekebisha asichokijua. Na sisi mafundi nasi tuna majivuno yetu: mtu anauliza swali dogo, anajibiwa "tengeneza mwenyewe". Hiyo nayo si adabu.

Lakini wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kama unatumia programu huria miaka mitano, wewe si mgeni tena. Jembe lenyewe si lazima liwe msimbo. Eleza unatumia toleo gani, ulibofya wapi, na ujumbe gani ulitokea. Au saidia kutafsiri kwa Kiswahili.

Yule jamaa yangu tuliketi naye, tukaandika taarifa ya kasoro yake. Mistari sita tu. Sasa tunasubiri, bila kununa.