Jaa la Pwani na Mikono ya Hiari

Katika mwaka wa 1866 msafiri David Livingstone alifika Unguja, na miongoni mwa mambo aliyoyaandika katika kumbukumbu za safari yake ni uvundo wa pwani ya mji. Maji yalipokupwa, ufuko ulidhihirika kuwa jaa, kwani huko ndiko ulikotupwa uchafu wa mji. Habari hii haiupendezi mji uliosifika kwa karafuu, lakini yafaa ikumbukwe, maana yaonyesha kwamba desturi ya kuigeuza pwani kuwa jaa haikuzaliwa jana.

Hata hivyo, jaa la zamani na jaa la leo ni mambo mawili mbalimbali. Vifuu, makuti mabovu na matumbo ya samaki vilinuka, vikaoza, vikachukuliwa na maji. Bahari ilikuwa mfagiaji asiyedai ujira. Plastiki haina tabia hiyo. Jua huikausha, mawimbi huivunja vipande vidogo vidogo, na kila kipande hubaki plastiki. Mfagiaji wa kale amekuwa mchukuzi: hutwaa kiatu kilichotupwa katika nchi moja akakibwaga katika nchi nyingine. Kwa hiyo kazi iliyofanywa na bahari imewaangukia watu, na wengi wao huifanya kwa hiari, bila ya malipo.

Huko Lamu kazi hiyo ilikutana na ufundi wa mababu. Katika mwaka wa 2016 lilianza shauri la kuunda chombo kwa plastiki iliyookotwa pwani na mitaani. Fundi Ali Skanda na wenzake walitumia tani zipatazo 10. Mkuku na mataruma yalifanywa kwa taka zilizoyeyushwa, na ubavu ukavikwa kandambili kuukuu za rangi nyingi. Zilizokusanywa zilipata 30,000. Chombo hicho, kiitwacho Flipflopi, kilishushwa majini mwezi wa Septemba 2018. Mwanzoni mwa mwaka wa 2019, katika msimu wa kaskazi, kilisafiri kiasi cha kilomita 500 kutoka Lamu mpaka Unguja, kikatia nanga katika mji ule ule ambao pwani yake ilimchukiza Livingstone.

Furaha ya safari hiyo isimsahaulishe mtu hesabu. Katika mwaka huo huo watu wa hiari 12, kutoka Shelisheli na Chuo Kikuu cha Oxford, walisafisha fuko za Aldabra, kisiwa cha matumbawe kisicho na mji wala kijiji. Kwa majuma 5 waliondoa tani 25. Wataalamu walipopima yaliyosalia, walikadiria tani 513, na ndani yake kandambili kama 360,000. Kuziondoa zote kungehitaji saa 18,000 za kazi, na bahari haingengoja wamalize ndipo ilete nyingine. Aldabra haikupata kutengeneza hata kiatu kimoja.

Je, basi, kusafisha pwani ni kuteka maji kwa pakacha? Ndivyo ingekuwa, kama kazi ingekoma kwenye gunia. Lakini aokotaye huona, na aonaye huweza kuhesabu. Idadi ya viatu vya Aldabra isingejulikana kama hapangekuwa na watu walioinama mchangani wakaviokota. Sheria nazo zimekuja: Zanzibar iliikataza mifuko ya plastiki mwaka wa 2006, Kenya mwaka wa 2017, na Tanzania Bara mwaka wa 2019. Sheria hizo ziliugusa mfuko, lakini hazikukigusa kiatu, wala haziwezi kumfunga mtengenezaji aliye ng'ambo ya bahari.

Hapo ndipo deni lilipo. Mtu wa hiari hulipa kwa mgongo wake gharama ambayo muuzaji hakuitia katika bei, wala mnunuzi hakuitoa. Kumshukuru ni wajibu, lakini shukrani haimpunguzii mzigo. Yeye atarudi pwani kesho maji yakikupwa, na kandambili nyingine itakuwa imekwisha fika.